Deni ndani ya bahasha ya udongo

Kazi yangu ni kukagua hati, na wengi hudhani nashinda nikitazama sahihi za kughushi. Mimi huanza kwingine: je, hati hii imefunguliwa tangu ilipofungwa? Muhuri wa kale ulijibu swali hilo vizuri kuliko vingi vilivyoufuata. Nawapeleka Kanesh.

Leo panaitwa Kültepe, karibu na Kayseri, Uturuki. Katika karne ya 19 K.K. waliishi hapo wafanyabiashara kutoka Ashur, mji wa kale katika Iraki ya leo, wakileta bati na vitambaa kwa punda. Vibao vya udongo zaidi ya 20,000 vimefukuliwa, vikiwemo mikataba mingi ya mikopo.

Karani aliandika mkopo kwenye kibao, kisha akakivika ganda jembamba la udongo mbichi, ndiyo bahasha. Juu ya ganda aliandika masharti yaleyale pamoja na majina ya wenye mihuri. Mdaiwa na mashahidi wakaviringisha mihuri yao kabla udongo haujakauka. Muhuri wenyewe ulikuwa kijiwe cha silinda, sentimita 2 au 3 hivi, kilichochongwa kinyumenyume ili picha itokee sawa.

Sasa chukua mdai mwenye tamaa, anayetaka shekeli 10 (kipimo cha uzito wa fedha) ziwe 20. Kibao anacho yeye nyumbani. Akichezea maandishi ya nje, ya ndani yatamuumbua ganda likivunjwa mbele ya waamuzi. Akilivunja kwa siri achezee ya ndani, itambidi apate ganda jipya lenye mihuri ileile yote. Shahidi mmoja akigoma, kazi imekwisha. Ndiyo maana siipi michoro ya mihuri ile sifa ya ulinzi, hata iwe mizuri vipi. Kanesh kuna watu waliotumia mihuri mikuukuu iliyokuwa ya wengine. Mlaghai alishindwa na wingi wa watu wa kuwahonga.

Deni likilipwa, kibao kilirudi kwa mdaiwa, nacho "kikauawa". Ndivyo walivyosema, maana yake kilivunjwa.

Nta ya kupigia mihuri Ulaya, tuseme kweli, ilikuwa dhaifu zaidi kwa barua zilizofungwa. Kisu chembamba kilichopashwa moto kiliweza kuubandua muhuri mzima na kuurudisha. Lakiri, nta ngumu ya mihuri iliyokuja baadaye, hukatika ovyo, na kwa kazi hii kukatika ovyo ni sifa.

Na muhuri ukipotea? Aliyeuokota angeweza kukufunga kwa mkataba usioujua. Kibao kimoja cha Kisumeri kutoka Nippur, mji wa kale wa Iraki, kinaeleza kuwa muhuri wa mfanyabiashara Ur-dun ulipopotea, baraza liliamuru, na mpiga mbiu akapuliza pembe katika mitaa yote: tangu hapo asiwepo wa kumdai chochote kwa muhuri ule.