Ukubwa wa Tezi Dume Si Ukali wa Tatizo

Wiki iliyopita mzee mmoja aliweka bahasha mezani kabla hatujamaliza kusalimiana. "Daktari, tezi yangu imefika gramu 62. Mnanipasua lini?" Nikamuuliza mkojo unatokaje. Unatoka vizuri tu. Usiku? Anaamka mara moja, karibu na alfajiri, na halimkeri kwa kuwa ndio wakati wake wa kuswali. Nilipojumlisha majibu yake kwenye maswali ya dalili akapata alama 4 kati ya 35. Tezi ni kubwa kweli, lakini sina cha kumpasulia.

Siku hiyohiyo akaja mwingine, gramu 28. Ultrasaundi imeandika "kawaida", na nyumbani wameshamwambia ni uzee. Mzee huyu husimama chooni mpaka miguu ichoke, anajikamua, mkojo unamdondokea kwenye viatu. Alama 24. Amekojoa, amemaliza, na kibofu bado kina mililita 300.

Nimelisema hili mara nyingi mno: tezi ikikua kuelekea nje inaweza isibane mrija wa mkojo hata kidogo. Ndogo iliyokua kwa ndani ikaziba njia. Na mara nyingine tezi haina kosa lolote, ni kovu kwenye mrija, au kibofu chenyewe kimechoka. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, nayo haipimi ukali wa dalili.

Ukali tunaupima kwa maswali 7 kuhusu mwezi uliopita, kila moja alama 0 hadi 5. Mpaka 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za wastani, 20 hadi 35 kali. Lipo na swali la nane ambalo halijumlishwi, na wengi huliruka: ukiambiwa utaishi na mkojo wa hivi siku zako zote, utajisikiaje? Hilo ndilo ninalokaa nalo. Wazee wawili wana alama 15. Mmoja hushinda nyumbani, choo kiko hatua kumi. Mwingine ni dereva wa basi, ameacha kunywa maji tangu asubuhi mpaka afike. Siwezi kuwatibu sawa.

Fomu ya maswali haya ikijazwa na binti wa mzee kwenye benchi la korido, siiamini. Mzee gani atamweleza mwanawe kwamba suruali inalowa? Humwomba binti atupishe, tunaanza upya. Nimewahi kuona 11 ya kwenye benchi ikawa 19 ndani ya chumba. Kwa hiyo sidai kwamba kati ya 19 na 20 kuna ukuta.

Kuamka usiku nako kunadanganya. Humwambia mzee: nenda na jagi la kupimia, andika kila mkojo kwa siku tatu, saa na kiasi. Zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa siku nzima ikitoka usiku, natafuta kwingine kwanza: miguu inayovimba, sukari, dawa ya presha ya kukojosha inayomezwa jioni.

Kinachonitia hofu ni alama ndogo. Niliwahi kupokea mzee wa alama 6, hana maumivu, ila alikuwa akilowesha kitanda usiku na hakuna aliyemuuliza. Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kitovuni na figo zimeshaanza kuumia. Alikuwa ameshazoea. Tulimwekea mpira wa mkojo siku ileile. Tangu hapo, mzee akiniwekea bahasha mezani, kwanza namlaza kitandani nimpapase tumbo.