Boti chakavu za serikali hazigawiwi kwa ujumbe wa simu

Kila baada ya muda, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Kivinje, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: serikali inagawa bure boti za utafiti zilizostaafu pamoja na mashine zake, wahi kutuma ada ya fomu kwa namba hii.

Si kweli. Mali chakavu ya serikali kwa kawaida huuzwa kwa mnada wa hadhara au zabuni, baada ya kupata kibali. Tangazo hutaja chombo kilipo na siku za kukikagua, na kinauzwa kama kilivyo, hapo kilipo. Gharama ya kukivuta ni juu yako. Malipo hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, siyo simu ya mtu. Ukitilia shaka, kaulize ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Kuuliza hakuna ada.

Wanaochanganya wana sababu. Boti za mkopo nafuu kwa wavuvi zipo kweli (hizo zina marejesho), na picha ya meli kuukuu yenye nembo humshawishi yeyote. Ukiupata ujumbe huo usiusambaze, hata kwa nia ya “huenda ukamfaa mtu”.