Mtu akianguka baharini, kidole kisishuke

Nimefundisha mabaharia wa boti ndogo kwa miaka mingi, na zoezi langu la kwanza ni lile lile: natupa dumu tupu la njano baharini bila kumwambia mtu, kisha naangalia macho ya watu yanakwenda wapi. Mara nyingi yanamwendea nahodha. Wakigeuka, dumu halionekani tena.

Boti inayokwenda kilomita 11 kwa saa hupita mita 3 kila sekunde. Mkiulizana "nani huyo?" kwa sekunde 10, mwenzenu yuko mita 30 nyuma, na kilichobaki juu ya maji ni kichwa tu, kama nazi inayoelea. Kwenye mkondo wa Pemba wakati wa kusi, kila wimbi linakificha.

Kwa hiyo aliyemwona aite "Mtu baharini!", amnyooshee kidole, na asikishushe. Hashiki kamba, hasogezi mizigo. Kazi yake ni macho. Mwingine atupe chochote kinachoelea, hata dumu lililozibwa, maana lisipomfikia litaonyesha pale alipo. Inaniuma sana kukuta maboya yamefukiwa chini ya magunia.

Mwenye mashine arudi polepole, omo, yaani mbele ya chombo, ikitazama upepo, aliyeanguka awe upande anaomwona vizuri. Azime mashine kabisa kabla ya kumkaribia. Kutoa gia tu hakutoshi. Mtu akiugusa mkono wa gia, rafadha, lile panga la mashine linalozunguka majini, inakata miguu. Mwenye tanga aachie demani, ile kamba inayokaza tanga, chombo kipunguze mwendo, kamba irushwe.

Halafu linakuja gumu ambalo wengi hawalifanyii mazoezi: kumpandisha. Mtu mzima aliyelowa na kuchoka hawezi kujivuta juu ya ubavu wa boti, na watu wanne wakikimbilia upande mmoja chombo kinapinduka. Wawili wavute, wengine wakae upande wa pili. Teremsheni kamba yenye kitanzi akanyage kama ngazi. Kama hana nguvu kabisa, shusheni tanga majini, lipite chini yake, kisha vuteni ukingo wake taratibu mpaka abingirike ndani. Nimeona vijana wawili wembamba wakimpandisha hivyo mtu mnene.

Asipopumua, anzeni na pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha mgandamizo wa kifua mara 30 kwa pumzi 2. Akiwa anapumua lakini anakohoa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema yuko sawa na anataka kwenda kulala. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.