Kolonoskopi: kwa nini kinyama kinaweza kumpita daktari

Nimepimwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana, nikaambiwa utumbo ni salama. Inawezekana kuna kinyama hakikuonekana?

Inawezekana. Polipu ni vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, na aina iitwayo adenoma huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Watu waliopimwa mara mbili mfululizo katika tafiti walionyesha kuwa takriban robo ya adenoma hupitwa mara ya kwanza. Nyingi huwa ndogo.

Hujificha wapi?

Nyuma ya mikunjo ya utumbo, na chini ya mabaki ya kinyesi. Vinavyosumbua zaidi ni vile bapa vya upande wa kulia: rangi yake inakaribiana na ya ukuta wenyewe, tena hufunikwa na ute.

Mimi mgonjwa nina mchango gani?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Dawa ya kusafisha tumbo inachosha, lakini tafadhali imalize. Husafisha vizuri zaidi ikigawanywa: nusu jioni, na nusu iliyobaki muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Chungulia chooni. Maji yakitoka ya njano, maangavu kama mkojo, uko tayari. Yakiwa bado ya kahawia au yana vipande, mwambie muuguzi kabla hujapanda kitandani. Vidonge vya madini ya chuma huacha kinyesi cheusi kinachonata, kwa hiyo vitaje mapema.

Na daktari je?

Kamera huingizwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, na ukaguzi wenyewe hasa hufanyika wakati wa kuitoa. Hapo haraka haifai kabisa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulikuta kwamba madaktari waliotumia dakika 6 au zaidi kuitoa walipata uvimbe kwa zaidi ya mara mbili ya wagonjwa ikilinganishwa na wenzao wenye haraka. Mwaka 2024 mwongozo wa huko ulipendekeza wastani wa dakika 8. Kompyuta zenye akili mnemba husaidia kuonyesha kinyama kwenye skrini, ila haziwezi kuona kilicho nyuma ya mkunjo au chini ya kinyesi.

Baada ya kipimo niulize nini?

Kamera ilifika hadi mwanzo wa utumbo mpana? Utumbo ulikuwa msafi kiasi gani? Kama haukusafika vya kutosha, kipimo hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Na ukiona damu kwenye kinyesi, rudi hospitali hata kama majibu yalikuwa mazuri.