Tumelingana Pointi, Kombe Mmewapaje Wao?

Mashindano ya chesi ya timu kwa shule za Mbeya, Iringa na Njombe yanapokaribia, sisi tunaokaa meza ya waamuzi tunalijua swali la jioni ya siku ya mwisho: "Tumelingana nao pointi, na mabao yetu ni mengi kuliko yao. Kombe mmewapaje wao?" Safari iliyopita swali hilo lilitukalisha zaidi ya saa nzima, huku basi la watoto wanaorudi Makete likisubiri nje na baridi ikishuka. Kamati imeona ni bora tulieleze mapema, kabla hisia hazijapanda.

Chesi haina mabao. Mechi ya bodi nne, yaani wachezaji wanne dhidi ya wanne, huandikwa katika hesabu mbili tofauti. Pointi za bodi ni zile ambazo wachezaji wanne wamezikusanya: 1 kwa mchezo ulioshindwa na mchezaji wako, ½ kwa sare. Pointi za mechi hutolewa kwa timu: 2 kwa ushindi, 1 kwa sare, 0 kwa kushindwa. Msimamo hupangwa kwa pointi za mechi, kwa hiyo 4–0 na 2½–1½ zote huleta 2. Walimu wa zamani wanaokumbuka kujumlisha bodi tu hawajasahau vibaya. Olimpiadi ya chesi yenyewe, yaani mashindano ya dunia ya timu za taifa, ilikuwa hivyo, hadi ilipohamia pointi za mechi huko Dresden mwaka 2008. Ila miaka mingi imepita tangu hapo, na kanuni tunazowatumia zinaeleza hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Timu zikilingana, tunafuata kigezo cha Sonneborn-Berger kama kinavyotumika Olimpiadi. Chukua pointi za mechi alizomaliza nazo mpinzani wako, zidisha kwa pointi za bodi ulizopata dhidi yake. Fanya hivyo kwa kila mpinzani, mwache yule aliyemaliza na pointi chache kuliko wote, kisha jumlisha. Tuseme timu ya Iringa imeifunga 2½–1½ timu iliyomaliza na pointi 6: inapata 15. Timu ya Njombe imeipiga 4–0 timu iliyomaliza na pointi 2: inapata 8. Aliyemshinda mwenye nguvu kwa shida amezidi kwa mbali, na ni haki, kwa sababu katika mfumo wa Kiswisi, ambao kila raundi hukutanisha timu zenye pointi zinazokaribiana, kwa kawaida timu mbili hazikutani na wapinzani walewale.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama: hesabu yako inaendelea kubadilika hata baada ya wewe kumaliza kucheza, kwa kuwa wapinzani wako wa raundi zilizopita bado wanacheza kwenye meza nyingine. Kwenye Olimpiadi ya Baku mwaka 2016, Marekani na Ukraine zilimaliza na pointi 20 kila moja. Ukraine ilikuwa imeshinda mechi kumi na kupoteza moja. Marekani ilishinda tisa na kutoa sare mbili. Dhahabu ilikwenda Marekani, na kabla ya hapo watu walikuwa wakikodolea macho mechi ya Ujerumani na Estonia, kwa kuwa matokeo yake yaliingia kwenye hesabu ya kigezo. Miaka miwili baadaye, Batumi, timu tatu zililingana kwa pointi 18, China, Marekani na Urusi, na China ikachukua dhahabu kwa kigezo. Kwa hiyo tunaomba sana tusiambiwe tena kwamba utaratibu huu "umetungwa Mbeya". Pia hatuhesabu nani alimfunga nani uso kwa uso, kama wengi wanavyozoea kwenye soka, isipokuwa kanuni za mashindano husika ziseme hivyo.

Upande wa taratibu, nahodha atakabidhi orodha ya bodi kabla ya raundi ya kwanza, na mpangilio huo haubadiliki hadi mwisho. Mchezaji wa akiba akiingia, walio chini ya mchezaji aliyepumzishwa wanapanda nafasi. Wa akiba haruhusiwi kukaa bodi ya juu kwa sababu anaonekana yuko vizuri siku hiyo. Timu ikikaa kinyume cha orodha, bodi zilizokosewa zinahesabiwa kushindwa, hata kama mchezo umeisha kwa ushindi wa wazi. Simu ikilia au ikikutwa imewashwa kwa mchezaji, mchezo wake umepotea, na pointi ya bodi inakwenda kwa mpinzani. Mwaka huu tutakusanya simu mlangoni, walimu mkiwemo.

Baada ya mechi manahodha wote wawili wasaini karatasi ya matokeo. Tafadhali soma kabla ya kusaini. Kwa uzoefu wetu, makosa mengi ya msimamo yanatokana na ½ iliyoandikwa upande usiostahili na kusainiwa kwa haraka, na kuligundua kosa baada ya raundi mbili kunavuruga upangaji wote. Malalamiko yaandikwe, yasainiwe na nahodha, na yafike mezani kabla raundi inayofuata haijapangwa. Hesabu za vigezo tutazibandika ukutani kila raundi, timu kwa timu, pamoja na jina la mpinzani aliyeachwa.