Je, wajua kwa nini usiku bondeni huweza kuwa na baridi kuliko mlimani?

Magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Arizona, Utah na Colorado, kuna misitu ya taifa na majangwa ya umma ambako mtu anaruhusiwa kusimamisha hema nje ya viwanja rasmi. Hakuna choo, bomba wala meza, na kwa kawaida hakuna ada. Sehemu nyingi ukomo ni siku 14. Hakuna pia aliyekuchagulia pa kulala, na hapo ndipo swali letu linapoanzia.

Jua likielekea kuzama, macho ya wengi huenda chini: bonde tambarare lenye nyasi, kijito karibu, vilima vya kukinga upepo. Usiku ukiwa mtulivu na mbingu safi bila mawingu, waliolala pale huweza kuamka hema limekakamaa kwa sakitu, ule utando mweupe wa barafu, na maji ya chupa yameganda juu. Jirani yao aliyepiga hema mita hamsini juu ya mteremko huenda hakuiona sakitu kabisa.

Hilo linaonekana kupingana na somo la jiografia. Tumefundishwa kwamba ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Kibo ina barafu na Moshi watu hutembea na fulana. Kanuni hiyo ni ya kweli, na huko Arizona inaonekana wazi: mji wa Flagstaff, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, una baridi kuliko Phoenix ulio chini sana, usiku na mchana. Ila neno la kushika hapo ni wastani. Kanuni inahusu tofauti za mwinuko zinazohesabiwa kwa mamia na maelfu ya mita. Haina ahadi yoyote kuhusu mita hamsini za mwisho zilizo karibu na ardhi, saa tisa usiku, upepo ukiwa umelala.

Dhana ya pili ni kwamba pasipo na upepo ndipo penye joto. Kwa mwili ulio nje, ndiyo, upepo hunyang'anya joto la ngozi. Lakini upepo huohuo ndio unaochanganya hewa ya juu yenye uvuguvugu na hewa baridi iliyogusa ardhi. Ukiuziba kwa vilima pande zote, umejikinga na kero moja na umeondoa kitu kilichokuwa kinazuia baridi isijikusanye.

Wapo pia wanaolaumu kijito. Kijito kina kosa lake: huongeza unyevu hewani, na unyevu huo ndio unaolowesha hema kwa umande. Hata hivyo, katika usiku wa namna hii maji yake mara nyingi huwa na joto kuliko hewa inayopita juu yake. Wengine huangalia theluji ya kileleni na kudhani baridi imesafiri kutoka huko. Theluji ikiwa karibu huweza kuchangia, ila haihitajiki. Mteremko mkavu usio na chembe ya theluji hutengeneza baridi ya kutosha wenyewe.

Namna mteremko unavyoitengeneza baridi hiyo ni hivi. Ardhi iliyopata joto mchana huanza kulirusha kuelekea angani mara jua linapotua, kwa miale ambayo jicho halioni. Penye mawingu au mvuke mwingi, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Nyanda za juu zilizo kame zina hewa kavu na nyembamba, basi joto hupaa na kidogo tu ndicho kinachorudi. Mchanga mkavu nao ni mzito wa kupitisha joto kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo uso wa ardhi hupoa upesi. Hewa inayougusa hupoa nao, na hewa iliyopoa ni nzito kuliko yenye joto.

Sasa chukua hewa iliyogusa mteremko. Imekuwa baridi kuliko hewa ya kimo hichohicho iliyo mbali na ardhi, katikati ya bonde. Kwa kuwa ni nzito zaidi, huanza kuteremka. Mwendo wake ni ule wa maji ya mvua shambani: hufuata mitaro, hukusanyika penye mfereji, na yakikuta tuta la kuyazuia, hujaa nyuma yake mpaka yapate pa kupita. Uzio wa miti iliyosongamana au tuta la barabara huweza kuwa boma la kuzuia hewa baridi vilevile. Hata kijishimo ambacho mchana hukioni, usiku hujaa hewa hiyo.

Msomaji makini atauliza: hewa ikishuka si hubanwa na kupata joto? Hupata, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ndiyo maana hadithi haiishii kwenye kuteremka. Hewa iliyotuama bondeni huendelea kupozwa na ardhi iliyo chini yake, na kwa kuwa hakuna upepo wa kuivuruga, hupoa papo hapo usiku kucha. Katika mashimo yaliyofungwa pande zote, kupoa huku kwa papo hapo kunaweza kushinda mchango wa ile inayotiririka.

Mfano mkali kuliko yote ninayoujua ni Peter Sinks, Utah, shimo la asili katika nchi ya mawe ya chokaa, kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, lisilo na mlango wa kutolea maji wala hewa. Tarehe 1 Februari 1985 kipimajoto cha pale kilisoma nyuzi 56.3 chini ya sifuri. Mpangilio wa miti ya pale umepinduliwa: mlimani kwa kawaida miti hukoma kadiri unavyopanda, lakini Peter Sinks inaota kwenye miteremko na kukoma kadiri unavyoshuka, hadi chini kabisa ambako haipo. Wakulima wa viazi wa Kinangop na wa chai ya Kericho, huko Kenya, wanaijua sheria hiyohiyo kwa machungu, kwani sakitu huanza kuunguza mimea ya mabondeni.

Mawingu yakifunga, au upepo ukivuma usiku kucha, tofauti hii hufifia au hupotea. Wala dawa si kukimbilia kileleni: huko kuna upepo, na Arizona kati ya Julai na Septemba kuna radi za alasiri. Panapofaa zaidi kwa kawaida ni kibaraza cha mteremko, juu kidogo ya sakafu ya bonde, upande unaotazama mashariki ili jua la asubuhi lifike mapema. Matawi ya misonobari juu ya hema huzuia sehemu ya joto lisipae, na sakitu hupungua. Tazama juu kwanza, maana mti uliokauka au tawi lililokufa linaweza kuanguka hata pasipo na upepo.