"Warm" sio joto tu, jamani

Juzi nimeletewa kazi ya kurekebisha, kipeperushi cha hoteli. Kiingereza chake kinaanza na "a warm welcome awaits you", na aliyetafsiri kabla yangu kaandika "mapokezi ya joto yanakusubiri". Sasa hoteli yenyewe iko pwani, fikiria mwezi wa pili, mgeni anashuka kwenye basi shati limemgandia mgongoni kwa jasho, halafu unamwahidi joto! Mimi ningeuliza kwanza kama AC inafanya kazi.

Natafsiri miaka mingi na hili neno bado linanisumbua. Kiingereza kina ngazi nne za kila siku: hot, warm, cool, cold. Warm ni pale mwili unaposikia raha, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga, yaani huungui na hutetemeki. Kina George Lakoff na Mark Johnson, mwanaisimu na mwanafalsafa wa Marekani, wanasema maana ya upendo inatoka hapohapo, mtoto anapokumbatiwa anasikia joto la mwili na anasikia kupendwa kwa wakati mmoja, vitu viwili vinashikana kichwani mpaka anazeeka navyo. Sawa, nakubali, ila watoto wetu nao wanabebwa mgongoni kwa khanga na bado Kiswahili kikitaka kusifu raha mara nyingi kinakimbilia upande wa pili: roho imepoa, mambo poa, burudani. Na hiyo burudani ni ndugu wa baridi kabisa, zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa hiyo mwili unaeleza nusu tu, nusu nyingine kila lugha inajichagulia.

Kuna mtego mwingine, hot. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua kwa mfadhili akaanza na "receive my hot greetings", maana kichwani ana salamu motomoto. Kwetu motomoto ni sifa. Kiingereza ukisogea hatua moja kutoka warm kwenda hot unaondoka kwenye urafiki, unaingia kwenye hasira au tamaa, na mali ikiwa hot basi imeibwa. "A warm woman" ni mtu mwenye upendo, "a hot woman" usimwambie mke wa bosi.

Halafu nenda dukani. Unaulizwa "soda baridi au ya moto?" na hiyo ya moto haijachemshwa na mtu, ni vile tu haijawekwa kwenye friji. Mwingereza ataiita warm, na hapo warm haina ukarimu wowote, ni lawama. Vuguvugu nayo inachekesha: kwenye kitabu cha Ufunuo katika Biblia aliye vuguvugu anatapikwa, na "lukewarm reception" ni watu kupiga makofi mawili matatu basi, lakini sisi tukisema vuguvugu la mageuzi tunamaanisha nchi inachemka!

Neno lina nguvu kweli lakini. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa wanafunzi orodha ya sifa za mtu: mwenye akili, mchapakazi, mwangalifu na kadhalika. Kundi moja orodha ina "warm", lingine "cold", zingine zote zilezile. Wa warm wakamwona huyo mtu mkarimu na mcheshi, wa cold wakamwona kinyume chake, yaani neno moja tu limegeuza picha nzima. Ila kuna utafiti wa 2008 uliosema ukishika kikombe cha kahawa ya moto unawaona watu wema, hiyo msiiamini sana, wengine walirudia jaribio na watu wengi zaidi hawakupata kitu.

Mimi siku hizi naangalia kwanza joto liko kwenye ngozi au moyoni. Likiwa moyoni neno joto naliacha kabisa: warm smile ni tabasamu lenye bashasha, warm-hearted ni mtu mkunjufu, na "she slowly warmed to him" nimewahi kuandika "taratibu akaanza kumzoea", mteja akaridhika. Hoteli wameandikiwa "tutakupokea kwa mikono miwili". Iliyonishinda mpaka leo ni "warm regards" ya mwisho wa imeli, nimejaribu salamu za dhati, nimejaribu wako mpendwa (hii bosi mmoja alinipigia simu kuuliza namaanisha nini), sasa hivi naweka "wasalaam" naenda zangu kulala.